Barua ya Kwenda Solwezi

Wiki iliyopita binti yangu alirudi kutoka shuleni na kazi ya kubandika picha kwenye karatasi kubwa, akakuta gundi ya dukani imekauka ndani ya kichupa. Nikamwambia asihangaike. Niliweka sufuria ndogo motoni, maji kidogo, vijiko viwili vya unga wa muhogo, nikaanza kukoroga. Uji ulipokuwa mzito na kuanza kung'aa, harufu yake ya uchachu ikanipanda puani, na mkono ukasimama wenyewe. Binti yangu akauliza kama nimeungua. Nilimwambia hapana, lakini sikuweza kumweleza harakaharaka kwamba nilikuwa nimerudi kwenye chumba kimoja nyuma ya kanisa kule Kampemba, siku ya Jumamosi, na karatasi zimebandikwa ukutani kwa gundi hiyohiyo.

Ninyi mliokua Lubumbashi wakati mmoja na mimi mnakumbuka kwamba Kiingereza kilikuwa kitu cha ng'ambo ya mpaka. Kifaransa kilikuwa cha shule, cha ofisi, na cha kumtisha jirani. Kiingereza kilikuja na magunia ya unga wa mahindi kutoka Zambia, pamoja na wale akina mama wa Kipushi, mji wa mpakani, waliovuka asubuhi na kurudi mchana wakiwa wanajibu "yes" hata wakiulizwa kwa Kiswahili. Mama yangu, aliyekuwa akiuza mikate ya kukaanga sokoni, aliwatazama miaka mingi, akaamua kwamba mtoto wake mmoja atakijua. Dada zangu wakubwa wawili walikataa katakata. Nikabaki mimi, mwenye miaka kumi na mmoja, ambaye sikuwa nimefikia umri wa kukataa.

Mwalimu alikuwa mwanamke aliyezaliwa na kukulia Ndola, Zambia, akaolewa kwetu. Tulimwita Madame Mwansa. Alikuwa mfupi, mwenye sauti nzito, na alikula karanga wakati wote akifundisha, mojamoja, bila kumpa mtu. Ukutani alikuwa amebandika vipande vya katoni vyenye maneno ya kuunganisha: because, but, so, although, however, therefore. Mende walipenda ile gundi ya muhogo, na kila Jumamosi tulikuta maneno mawili matatu yametafunwa pembeni. Kazi yetu ya kwanza ilikuwa kuyaandika upya, ndiyo maana mpaka leo naweza kuandika "although" huku nikisinzia.

Somo lenyewe lilikuwa kama mchezo. Watoto wawili walisimama mbele, kila mmoja ameshika sentensi yake kifuani. Wa tatu alichukua neno moja kutoka ukutani na kusimama katikati yao. Lakini kabla hajawashika mikono, ilimbidi atueleze anajua nini kuhusu sentensi ya kulia na nini kuhusu ya kushoto, na zinahusiana vipi. Asipoweza, alirudishwa kukaa. Madame alisema ni kama msemaji wa familia siku ya mahari: huwezi kumweka katikati mtu asiyejua upande huu wala ule. Tulicheka, kwa sababu wote tulikuwa tumeona mahari, na wote tulikuwa tumeona msemaji aliyesahau jina la bibi harusi.

Nilicheka, lakini sikuelewa. Shuleni, mwalimu wetu wa Kifaransa alipenda mtoto aanze sentensi kwa "en effet," aendelee kwa "par ailleurs," na amalizie kwa "cependant," na aliyefanya hivyo insha yake ilisomwa mbele ya darasa. Hakuna aliyetuuliza maneno yale yanafanya kazi gani. Kwangu yalikuwa marashi: unajipaka kabla ya kwenda kwa watu. Nikadhani ya Kiingereza nayo ni marashi, ila ya chupa nyingine.

Sasa nije kwa baba. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mrefu, mkimya, mwenye makovu madogo ya cheche kwenye mikono yote miwili. Alifanya kazi miaka mingi katika karakana ya mjomba, kaka mkubwa wa mama, katika mtaa wa Kenya wa hapohapo mjini kwetu, mahali walipotengeneza malori. Halafu siku moja, bila sisi kuambiwa neno, akaacha kwenda. Alitundika barakoa yake ya kuchomelea kwenye msumari nyuma ya mlango, akaanza kukaa uani akitengeneza mbabula kwa mabati ya mapipa ya zamani, yale majiko ya makaa ambayo kila nyumba kwetu inayo. Mama hakumuuliza mbele yetu. Sisi watoto hatukuuliza kabisa, maana kwetu mtoto akimwambia mkubwa "juu ya nini?", yaani kwa nini, anahesabiwa kuwa amemjibu vibaya.

Ila mimi sikuwa na haja ya kuuliza. Nilijua.

Jumapili moja kabla ya hapo tulikuwa tumekwenda kula kwa mjomba. Sebuleni kwake kulikuwa na kiti kimoja cha ngozi, na hakuna aliyekikalia isipokuwa yeye, hata akiwa safarini. Watu wazima walikuwa uani. Nikakikalia, nikajizungusha kidogo kuonja ukubwa, na usingizi ukanichukua. Nilipofumbua macho, mjomba alikuwa amesimama mbele yangu pamoja na wageni wake wa kanisani. Akamtazama baba, akasema, "Mutoto yako anataka kukamata kiti yangu." Watu wakacheka. Baba hakucheka. Siku chache baadaye, baba hana kazi. Nikachukua mambo yale mawili nikayaunganisha mwenyewe, kwa nguvu kuliko baba alivyowahi kuunganisha chuma. Mjomba ameona tunataka nafasi yake, amemfukuza baba, na aliyeleta balaa ni mimi. Niliishi na jambo hilo misimu miwili ya mvua bila kumwambia mtu. Kipindi hicho nilikuwa mtoto mwenye adabu kupita kiasi, majirani wakanisifu, na hakuna aliyejua kwamba ile haikuwa adabu, ilikuwa hofu.

Ndipo rafiki ya mama kutoka Kipushi, Mama Béa, akaleta habari. Ng'ambo, kule Solwezi, kulikuwa na karakana iliyotafuta mafundi wa kuchomelea. Mwenye karakana alikuwa Mzambia asiyejua Kifaransa, na hakumwita mtu kwa majaribio kabla ya kusoma barua yake: amefanya kazi gani, kwa miaka mingapi, na aliondoka kwa nini. Mama Béa angevuka tena baada ya wiki mbili, na alikuwa tayari kuipeleka kwa mkono wake. Mama akageuka akanitazama. Baba naye akanitazama. Sijawahi kutazamwa vile tena, hata siku ya harusi yangu. Nikawaza kwamba Mungu ananipa nafasi ya kurudisha nilichokiharibu, na kwamba nikikosea mara hii, baba atatengeneza mbabula mpaka azeeke.

Kesho yake baba alivaa shati la misa na viatu, akakaa mezani kunitamkia barua. Alisema huwezi kumwandikia mkubwa ukiwa na ndala miguuni. Ilikuwa kama barua zote za kuomba kazi za kwetu. Ilianza kwa heshima ya kuja mbele ya mtukufu, ikaendelea kwa heshima ya kumsumbua mtukufu, ikamalizika kwa kuinama. Katikati ya heshima hizo kulikuwa na sentensi nne tu: jina lake, kazi yake, miaka yake, na kwamba aliondoka. Nikaigeuza yote kuwa Kiingereza kwa msaada wa kamusi iliyokosa kurasa za mwisho. Halafu nikaipaka marashi. Nilitia "moreover" hapa, "nevertheless" pale, na "therefore" mara mbili, kwa kuwa nililipenda lilivyokaa kwenye mstari. Nilipomsomea baba kwa sauti hakuelewa hata neno moja, akasema ni barua kubwa sana.

Jumamosi nikaipeleka kwa Madame nikisubiri sifa. Aliisoma akiwa amesimama, na akaacha kutafuna. Kisha akaweka kidole juu ya "moreover," akausoma mstari bila neno hilo. Akahamishia kidole juu ya "nevertheless," akasoma tena. Alikwenda hivyo mpaka chini kabisa, na barua ikabaki ileile. Kumbe hapakuwa na neno hata moja lililoshika kitu. Mwisho akarudi pale nilipoandika kwamba baba aliacha kazi, however ana nguvu.

"Nani alisema hana nguvu?" akaniuliza.

Akataka kujua baba aliacha kazi kwa nini. Nikasema sijui, nikiwa natazama ukuta, na ule ulikuwa uongo. Akagonga karatasi kwa ukucha.

"Ule bwana wa Solwezi akifika hapa, atasimama. Ukiacha shimo, atatia sababu yake yeye mwenyewe. Batu banafanyaka vile. Atasema huyu ni mwizi, ao mulevi. Enda uulize papa yako."

Ungedhani mtoto mwenye akili angejisikia ametajwa miongoni mwa hao wanaotia sababu zao. Mimi sikusikia kitu. Nilitembea kurudi nyumbani barua ikiwa imekunjwa kwenye daftari, roho juujuu, nikiwaza jambo moja tu. Baba sasa atalazimika kutamka kwamba ni mimi, na mimi nitaliandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa Kiingereza, lisomwe Solwezi. Nisipomuuliza, barua inabaki na shimo na kazi inapotea. Nikimuuliza, kazi inaweza kupatikana, lakini nyumba nzima itajua niliyoyafanya. Nilipita kwenye madimbwi bila kuyakwepa, na viatu vyangu vya pekee vikajaa tope.

Baba alikuwa uani akitoboa matundu kwenye bati. Nikapiga moyo konde, nikamwambia Madame anasema barua haiwezi kwenda bila sababu. Nilimweka Madame mbele yangu kama ngao. Baba hakuinua kichwa. Akasema niandike raisons personnelles, yaani sababu binafsi, yatosha. Nikamwambia Madame atakataa. Akatoboa matundu mengine matatu, polepole, na nikaona kwamba mazungumzo yameisha na kwamba nikiondoka pale sitapata ujasiri tena.

"Papa, ni juu yangu? Ni juu ya ile kiti ya yomba?"

Nyundo ikasimama hewani. Hakuelewa hata kidogo. Ikanibidi nimweleze yote, kiti, usingizi, wageni wa kanisani, maneno ya mjomba, huku nikilia kwa namna mbaya, makamasi mpaka kidevuni. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akaweka nyundo chini, akalipindua pipa moja, akanikalisha juu yake, na akafanya jambo ambalo hakuwahi kufanya tangu nizaliwe. Akaniambia mambo ya wakubwa.

Katika karakana ya mjomba kulikuwa na kulabu ya kunyanyulia injini. Siku moja baba aliona ufa kwenye shingo yake. Mjomba akamwambia auchomelee juujuu, apake rangi, kazi iendelee. Baba akasema kulabu ya namna ile haitengenezwi, inatupwa, kwa sababu watu wanasimama chini yake. Mjomba akamuuliza karakana hii ni ya nani. Baba akavua glavu zake, akaziweka juu ya meza, akaondoka. Hakuna aliyemfukuza. Alikataa mwenyewe. Na hakumwambia mama, kwa kuwa mtu yule ni kaka yake, ndiye aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki na ndiye aliyepokea mahari yake. Baba hakutaka kumsimamisha mke wake kati ya mume na kaka. Aliona afadhali watu waseme amekuwa mvivu.

"Haiko juu yako," akasema. "Hata kidogo. Ile kiti nilikuwa nimeisahau."

Sijui sentensi nyingine iliyowahi kunipa nafuu na kuniudhi kwa pamoja kama hiyo. Misimu miwili ya mvua nimebeba kiti kizima cha ngozi mgongoni, na mwenzangu hata hakikumbuki. Nilifuta pua kwa mkono wa gauni nikaanza kucheka, na baba naye akacheka kidogo, kwa aibu, kama mtu aliyekuwa amesahau namna ya kucheka.

Hatukujua kwamba mvua ilikuwa imemrudisha mama mapema kutoka sokoni. Alikuwa amesimama mlangoni, beseni la mikate kichwani, na kwa sura yake ilikuwa wazi kwamba amesikia ya kutosha. Baba aliinuka haraka kama mtu aliyefumaniwa. Mama akateremsha beseni taratibu, akafuta mikono kwenye kitenge, akasema na mimi, si naye.

"Andika vile papa yako amesema. Jina ya kaka yangu, usiitie."

Kisha akaingia ndani, tukamsikia akipenga kamasi. Alipotoka alikuwa na mkate mmoja mkubwa kwenye sahani, akaiweka mbele ya baba, akakaa karibu naye kwenye kigogo, karibu kuliko nilivyozoea kuwaona. Miaka mingi baadaye aliniambia kwamba muda wote ule yeye aliamini baba ameacha kazi kwa sababu amechoshwa na ukoo wake, na kwamba siku moja ataichoka na nyumba yenyewe. Dada zangu, nilipowauliza, kila mmoja alikuwa na sababu yake, na moja ilimhusu mwanamke ambaye hakuwahi kuwapo. Nyumba nzima tulikuwa tumeziba shimo lilelile, kila mtu kwa udongo wake.

Jumamosi iliyofuata nilikaa na Madame mpaka wenzangu wote wakaondoka. Alifuta zile heshima zote isipokuwa moja, akisema hata Mzambia anapenda kuheshimiwa kidogo. Kila nilipotaka neno la ukutani, alinisimamisha katikati ya chumba kitupu nimweleze pande zote mbili kwanza. "Because" lilikuja upesi. Niliacha kazi kwa sababu niliombwa kuficha ufa, na watu hufanya kazi chini yake. Lililonitoa jasho ni "although." Upande huu mjomba ni ndugu, upande ule baba amekataa, na ilinibidi niseme kwa mdomo wangu kwamba la kwanza lingeweza kuzuia la pili, na halikuzuia. Nilipolisema ndipo nikaona baba yangu ni mtu wa namna gani. Nilikuwa nikila naye meza moja miaka yangu yote, na nikamwona siku ile, nyuma ya kanisa, kwa lugha ambayo hata hakuijua. Niliona fahari. Madame akasoma karatasi mara ya mwisho, akanipa karanga tatu.

Nyumbani baba alitaka kuufuta ule mstari. Aliniuliza, na kwa haki kabisa, ni bosi gani anayemwajiri fundi anayeanza kwa kusimulia jinsi alivyomkatalia bosi. Safari hii Madame hakuwepo wa kunikinga. Mama ndiye aliyeichukua barua mezani, akaitia ndani ya plastiki, akaifunga fundo. Alisema baba akiitwa na mtu asiyetaka kusikia hayo, huko nako si mahali pa kwenda. Mama Béa akavuka nayo Jumatatu.

Tulisubiri. Sitawadanganya kwamba nilikuwa na imani. Kila siku nilipotoka shuleni nilipita sokoni kuona uso wa mama, na kila siku uso ulikuwa uleule. Wiki ya kwanza nilijilaumu kwa "although," ya pili nikajilaumu kwa barua nzima. Wiki ya tatu nilimkuta mama anauza mikate huku akiimba, tena akimwongezea mteja mmoja bila kuombwa, nikajua. Jibu lilikuwa mistari mitatu, bila sifa na bila kuinama. Baba aje kwa majaribio, afike Jumatatu, aje na barakoa yake. Baba alinitaka nilisome mara nne. Mara ya nne hakuwa akisikiliza, alikuwa ameshakwenda nyuma ya mlango kuitungua barakoa kwenye msumari, na aliifuta vumbi kwa lile shati la misa.

Tulimsindikiza asubuhi mpaka mahali magari ya Kipushi yanapojaza watu. Mama alizungumza juu ya soksi na sabuni, kama watu wanavyofanya wanapokuwa na mengine ya kusema. Mzigo ulipofungwa juu ya gari, baba aliinama mpaka macho yake yakawa sawa na yangu. Kwa kawaida hakuwa mtu wa kueleza mambo.

"Sikuacha kazi juu yako," akasema. "Lakini nitarudia ku nyumba juu yako. Shika yote mbili."

Akapanda gari. Alirudi mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi uliofuata.